Mbwa wa nani huyu?

Kamba ilikuwa ya nailoni, ya bluu, ile inayouzwa kwa mita kwa ajili ya kuanikia nguo. Niliona ncha yake tu, inaning'inia kifuani kama uzi wa hirizi. Iliyobaki ilikuwa imezama ndani ya shingo. Ngozi ilikuwa imeota juu yake, na pembeni palilowa majimaji yaliyotoa harufu ambayo hata moshi wa mafuta ya chipsi haukuweza kuificha.

Ilikuwa saa tatu usiku, Mwananyamala Kisiwani, masika yakielekea mwisho. Mbwa jike, mbavu zinahesabika, alikuwa amejikunja chini ya meza ya kukatia viazi, mgongo ameuegemeza kwenye ndoo ili apate joto la jiko.

"Mbwa wa nani huyu?" niliuliza.

"Hana mwenyewe, dada," muuza chipsi alijibu, macho hayatoki kwenye karai. "Yupo tu. Wiki ya tatu hii analala hapa. Nikimfukuza anarudi."

Hana mwenyewe. Lakini kamba haijifungi. Mtu alimfunga mbwa huyu akiwa mdogo wa kubebwa mkononi, akapiga fundo la kubana, siku zikapita, shingo ikakua na kamba ikabaki vilevile. Labda mtu huyo alihama akamwacha. Labda mbwa aliitafuna kamba akatoroka. Vyovyote iwavyo, palikuwa na siku ambapo swali langu lingepata jibu, na siku hiyo ilikwisha kupita.

Tangu usiku ule nimelisikia swali hilo mara nyingi: kwa hasira, kwa woga, na mara moja likiulizwa na mama aliyembeba mtoto anayetokwa damu. Nimefikia kuamini kwamba likipata jibu, mengi tunayoyalalamikia kuhusu mbwa wa mjini yanapungua uzito.

Kwetu Pwani mbwa wa namna hii ni mbwa koko. Koko ni kichaka, kwa hiyo jina linamtaja mbwa wa vichakani, asiye na ua wala mlango. Walowezi wa Kiingereza wa Kenya wao walimwita shenzi. Walilichukua neno letu wakalitia katika Kiingereza chao pamoja na dharau yake. Nyuma ya majina haya kuna dhana kwamba huyu ni mabaki ya mbwa walio bora, damu iliyochakachuliwa. Mwaka 2009 jopo la watafiti lililoongozwa na Adam Boyko lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Wale wa Uganda, kwa sehemu kubwa, hawakuonekana kuwa machotara wa mbwa wa Kizungu hata kidogo. Wana nasaba yao wenyewe, ya Kiafrika. Mbwa anayepigwa mawe na watoto nyuma ya soko huenda ana ukoo mrefu kuliko wa yule anayelala kwenye zulia.

Huyu wa chini ya meza lakini alikuwa chotara kweli. Kiwiliwili ni cha kienyeji: rangi ya makuti makavu, kiuno chembamba, mkia umejipinda juu. Sikio la kushoto limesimama wima kama la mbwa wa polisi, la kulia limekunjika katikati na kufunika jicho. Ng'ambo ya barabara ya Bagamoyo, Mikocheni na Msasani, kuna mageti yenye mbwa wakubwa wa Kijerumani nyuma yake, na mageti hufunguliwa. Hakuna ukuta wa Dar es Salaam uliowahi kuzuia hilo.

Nilirudi asubuhi na salfeti, mkate na wasiwasi. Madereva watatu wa bajaji walikataa. Wa nne aliangalia shingo ya mbwa, akasema "Dah," kisha akashuka mwenyewe, akaitandika salfeti kwenye sakafu ya bajaji yake na kunisaidia kumpandisha. Mbwa hakupinga. Uchovu wake ulikuwa umepita kiwango cha kupinga.

Daktari wa mifugo aliyetupokea alikuwa dada kijana aliyesomea Sokoine, Morogoro. Kwanza alimfunga mdomo kwa bendeji, taratibu, huku akimsemesha kama mgonjwa wa kawaida. Akamchoma sindano ya usingizi. Kisha alichukua mkasi wenye ncha butu, akanyoa manyoya kuzunguka jeraha, na kuanza kuitafuta kamba kwa kidole. Ilibidi aikate vipande vitatu. Kila kipande kilipotoka kilikuja na nywele, usaha na kitu kama gamba jeupe, na chini yake pakabaki mfereji mwekundu uliozunguka shingo yote, kina chake kinatosha kulaza kalamu ya risasi. Akauosha kwa maji ya chumvi mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, akatoa funza mmoja mmoja kwa koleo, akapulizia dawa ya bluu. Wiki nzima iliyofuata mbwa huyu alionekana kama amevaa kola ya shule.

"Kilo kumi na tatu," alisema baada ya kumpima. "Akishiba atafika kumi na nane, kumi na tisa. Meno yanaonyesha miaka miwili hivi." Akaniandikia dawa ya minyoo na ya kupe. Chanjo ya kichaa, alisema, arudishwe akipata nguvu kidogo. Baada ya hapo afungwe kizazi, maana mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 tu, anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila uzao ni watoto kadhaa ambao nao wataulizwa wa nani.

Nilipokuwa nalipa alinionyesha mkanda wa ngozi laini. "Ukimvalisha, kidonda kikishapona, pitisha vidole viwili kati ya mkanda na shingo. Visipopita, legeza tundu moja. Fanya hivyo kila Jumamosi. Nimetoa kamba za namna hii nyingi, dada, na karibu zote zilifungwa na mtu aliyempenda huyo mbwa."

Maneno hayo yamenikaa. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayomkataza anayemiliki mnyama kumtesa au kumwacha ateseke. Ni sheria nzuri na ningependa ifundishwe shuleni. Ila mateso mengi niliyoyaona hayakutokana na ukatili. Yalitokana na mtu kuacha kutazama.

Kisha nikampeleka nyumbani, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Naishi kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna bomba, choo na mwembe. Familia tano tunapanga, na chumba cha kwanza mkono wa kulia, karibu na baraza, anakaa mwenye nyumba, bibi wa Kizaramo ambaye hajawahi kukosa swala ya alfajiri tangu nimfahamu. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho kwenye salfeti?"

"Mbwa, bibi. Anaumwa."

Aliuweka ungo chini. Alijitanda kanga upya, jambo alifanyalo akitaka muda wa kufikiri.

"Mie na umri huu, nitawadhe, nisimame nisali, mbwa yupo mlangoni?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sasa nafurahi kwamba sikulitoa. Waislamu wengi wa Pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu wa nje akiyasikia haya hufikiri kwamba watu wa Pwani wanachukia mbwa. Hajui upande wa pili, ambao bibi anaujua tangu madrasa. Mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo ameruhusiwa. Vijana wa pangoni, katika Surat al-Kahf, walikuwa na mbwa wao aliyelala kizingitini. Na lipo simulizi la yule aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani, akachota maji kwa kiatu akamnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa. Simulizi hilo alinihadithia bibi mwenyewe, kesho yake, na hakunihadithia ili kunifurahisha. Alikuwa anaweka mipaka.

"Maji mpe. Chakula mpe. Ndani haingii."

Masharti yalikuwa haya. Korido ni marufuku. Atapita mlango wa uani. Sufuria yake haitaoshwa kwenye bomba la wote. Atalala chini ya mwembe. Nguo za watu zikianikwa, afungwe. Na akibweka ovyo usiku, anaondoka. Kisha bibi akamwangalia mbwa kwa mara ya kwanza, kwa mbali, na kumalizia: "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Lake yeye ni kulinda." Watoto wa uani wakasikia, na tangu hapo jina lake likawa Mgeni.

Nimewahi kusikia wapenda wanyama wakisema masharti kama hayo ni ubaguzi. Mimi nayaona ni busara ya kuishi pamoja. Nyumba yetu ina watu kumi na tisa. Mmoja anaswali, mmoja ana pumu, mmoja alikimbizwa na mbwa utotoni Tandale hadi leo akimwona anaganda. Anayeleta mbwa kwenye nyumba ya korido amewaletea wote kumi na tisa, na hana haki ya kuwaambia wapende.

Usiku wa kwanza Mgeni alilia, ule mlio mwembamba wa mbwa aliyezoea kulala karibu na jiko la mtu. Nilitoka nikakaa naye kwenye kigoda hadi saa tisa. Wazee wa hapa husimulia kwamba jina la mtaa wetu lilitokana na Kizaramo, mwana nyamala, mtoto nyamaza, maneno ya mama aliyekuwa akimbembeleza mwanawe wakipita pale palipokuwa pori. Niliyakumbuka nikiwa nimemshika kichwa, nikamwambia hivyo hivyo. Alinyamaza alipotaka.

Wiki zikaenda. Chakula chake kilikuwa ugali wa dona na mapupu ya kuchemsha kutoka buchani, siku nyingine dagaa. Vitunguu, zabibu na chokoleti daktari alivikataza kabisa, pamoja na mifupa ya kuku iliyopikwa inayovunjika kama sindano. Manyoya yakarudi. Siku ya ishirini nilimpeleka akachanjwa kichaa. Nikajiona nimefaulu.

Siku tisa baadaye akamng'ata mtoto.

Ni mvulana wa miaka saba wa chumba cha tatu, mama yake anauza maandazi. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuona kovu la shingoni, akalishika kwa nyuma Mgeni akiwa anakula. Mbwa aligeuka, meno yakapita kwenye mkono, akaachia hapohapo na kujificha nyuma ya pipa. Matundu mawili madogo juu ya kifundo cha mkono, damu kidogo. Mama yake alitoka mbio amembeba mtoto, akasimama mbele yangu. "Mbwa wa nani huyu?" Alijua ni wa nani. Alitaka nilitamke.

"Wangu, mama. Ni wa kwangu."

Mtu mmoja alikuwa tayari ameshika mchi. Mwingine alileta pilipili ya kusaga, akiamini inaua sumu. Niliomba kwanza tumwoshe mtoto. Tukamweka bombani, nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikaosha jeraha chini ya maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, jirani akiangalia saa kwenye simu. Robo saa ni ndefu mtoto akiwa analia. Ni hatua ambayo Shirika la Afya Duniani linaisisitiza kwa kila aliyeng'atwa, hata kama hospitali iko jirani, kwa sababu sabuni na maji huondoa na kuharibu sehemu kubwa ya virusi kabla havijaufikia mshipa wa fahamu. Pilipili, mafuta ya taa, kahawa, vyote hivyo huongeza jeraha tu. Kisha tukaenda hospitali. Alichomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo, akapewa tarehe za zinazofuata. Nililipa mimi, zote, na kila tarehe nilikwenda naye.

Kuna jambo hapa linalopaswa kueleweka na kila mzazi wa Kinondoni na Temeke. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kung'atwa na dalili huwa kuna muda, mara nyingi wiki hadi miezi kadhaa, na chanjo ikianza mapema ndani ya muda huo, mtu anaokoka. Hivyo ndivyo alivyookoka Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyepelekwa kwa Louis Pasteur huko Paris mwezi Julai 1885. Miaka 140 imepita, na bado watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka. Makadirio ya Tanzania ni takriban 1,500. Karibu maambukizi yote ya binadamu hutoka kwa mbwa, na kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Ni watoto kwa sababu watoto ndio wanaokaa nao.

Mgeni alikuwa amechanjwa, ndiyo. Ila kinga huchukua wiki kadhaa kukamilika, na hakuna aliyejua kama aliwahi kung'atwa kabla sijampata. Daktari akatoa agizo: afungwe, asiuawe, aangaliwe siku kumi. Mbwa ambaye mate yake yana virusi siku aliyong'ata, hizo siku kumi haziishi bila kuugua au kufa. Atabadilika tabia, atatokwa udenda, atashindwa kumeza, taya litalegea, sauti itaharibika. Asipoonyesha lolote, hakuwa na virusi mdomoni.

Nilimfunga kwenye mwembe kwa mnyororo mrefu. Siku ya kwanza hakuna mtu uani aliyenisalimia. Siku ya pili mama wa maandazi alikuja akasimama mbali, akamwangalia akila, akaondoka. Siku ya tatu nilikuta mstari wa mkaa kwenye ukuta wa choo, na pembeni yake mstari wa pili na wa tatu. Yule mvulana, mkono una bendeji, ndiye aliyekuwa akihesabu. Kila asubuhi kabla ya shule alikuja na kipande cha mkaa, akamtazama Mgeni kwa makini ya daktari, akachora mstari wake, akatangaza kwa sauti ya korido nzima: "Leo ya nne, amekula." "Leo ya tano, amekunywa maji." Siku ya sita Mgeni hakumaliza chakula na nyumba nzima ikajua. Mimi sikulala. Siku ya saba alilamba sufuria mpaka ikageuka chini juu.

Siku ya kumi bibi alitoka na tasbihi yake mkononi, akaiangalia ile mistari kumi, akamwangalia mbwa. "Haya," alisema, akarudi ndani.

Nimeifikiria sana ile mistari. Mbwa yuleyule angemng'ata mtoto yuleyule pale kwenye kibanda cha chipsi, mwezi mmoja kabla, angepigwa mawe hadi afe na mzoga ungetupwa mtaroni. Tusingejua kamwe alikuwa na nini. Au angekimbilia Komakoma na kupotea, na mama angebaki anahesabu miezi bila mbwa wa kumwangalia. Siku kumi zinawezekana tu pale ambapo yupo mtu aliyesema "wangu." Kumchukua mbwa wa mtaani watu wengi wanaliona ni tendo la huruma kwa mbwa. Huruma imo, sikatai, lakini kuliko yote ni kuwa mtu wa kuulizwa.

Na watafiti wanaofanya kazi nchini wamekuwa wakituambia kitu kinachoshangaza wengi: mbwa wengi tunaowaona wakizurura wana kwao. Wanatoka asubuhi, wanarudi jioni, kuna mtu anayewamwagia makombo. Ndiyo maana chanjo inawezekana. Ukifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuwaua ovyo hakusaidii, kwa kuwa nafasi yao hujazwa na mbwa wengine wasio na chanjo, na mara nyingi wanaokufa ni wale wapole waliokwisha kuchanjwa.

Ushahidi uko karibu, Pemba. Kampeni za chanjo za kisiwa kizima zilianza baada ya mwaka 2010, na kufikia Mei 2014 minyororo yote ya maambukizi iliyokuwepo ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena mara mbili, na ugonjwa ukawaka upya. Kisiwa kikarudi kwenye chanjo, na Oktoba 2018 mlipuko ule ulimalizwa. Hadithi hiyo ilifuatiliwa mbwa kwa mbwa na watafiti, akiwemo Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, na mimi kila nikiisoma huona ni hadithi ya majirani: kila mwaka kuna mtu alitakiwa kumshika mbwa wake kamba na kumpeleka.

Wapo wanaofanya zaidi ya hapo. Usa River, Arusha, kuna Mbwa wa Africa wanaookoa mbwa wa mitaani na kuwatafutia nyumba. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kutunza wanyama, ambako mtu huchagua mbwa aliyekwisha kuchanjwa na kufungwa kizazi. Ila mfano ninaoupenda zaidi uko Gulu, Uganda kaskazini. Francis Okello Oloya alikuwa na miaka 12 jembe lake lilipogonga bomu lililofukiwa shambani, masalio ya vita, akapoteza macho. Kwenye bweni la shule choo kilikuwa mbali, na usiku alikuwa akipapasa gizani hadi mbwa wa hapo walipoanza kufuatana naye, wakimwongoza kwenda na kurudi. Hakuna aliyewatuma. Alipokua aliongoza Comfort Dog Project, mradi unaowakutanisha mbwa waliotupwa na watu waliobaki na majeraha ya vita moyoni. Mbwa huchanjwa na kuhasiwa, mtu hufunzwa pamoja naye kwa miezi, naye huahidi kumtunza maisha yake yote. Mbwa wale ni koko kama huyu wangu.

Wenzangu ofisini wananiuliza kama na wao wachukue. Huwa nawauliza wao kwanza. Mwenye nyumba wako amekubali, kwa mdomo wake? Ukisafiri kwenda kwenu mwezi Desemba, nani atabaki naye? Utaweza kulipia sindano za mtoto wa jirani bila kunung'unika? Kuna waliosema hapana, na nimewaheshimu. Hao wanaweza kumkamata mbwa wa mtaani kwao siku ya chanjo, wakampeleka ofisi ya serikali ya mtaa, wakamrudisha alipokuwa. Hilo nalo ni jibu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur. Sehemu nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hizo, na anayetaka kujua amuulize afisa mifugo wa kata yake.

Mgeni amefungwa kizazi sasa. Hajang'ata tena, na watoto wamefundishwa kutomgusa akila. Usiku hulala kizingitini pa mlango wa uani, kichwa ndani ya mstari wa kivuli, miguu nje, na bibi akitoka kutawadha humwambia "sogea," naye husogea. Bibi hajamgusa na hatamgusa.

Jumamosi iliyopita nilipitisha vidole viwili chini ya mkanda na vikakwama. Nikajaribu tena. Kovu linahisiwa bado, gumu, halioti manyoya. Sikuwa nimempa chakula zaidi; ugali ni uleule, mapupu ni yaleyale. Nikasimama katikati ya uani, watu wote wapo, nikauliza nani anamlisha mbwa wangu. Mama wa maandazi aliinamia jiko. Mvulana akakimbilia korido. Bibi, kwenye kigoda chake chini ya mwembe, aliendelea kupepeta mchele, na karibu na mguu wake, pale Mgeni alipokuwa amelala, kulikuwa na mwiba mmoja wa samaki ulionyonywa ukawa mweupe kabisa.

Nikalegeza tundu moja.